Ukuta wa Upande wa Bonde

Masika mwanangu,

Umeshuka Kikorongo tangu asubuhi kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua, atakuweka pale kando ya barabara mpaka amalize kuwauzia mananasi abiria wa kila basi linalosimama, ndipo akumbuke kwamba ulikuja kuaga. Kwa hiyo nina mchana mzima. Nimemwambia jirani kichwa kinaniuma ili asije kupiga soga, nimekaa kwenye meza ya mama yako na daftari lako la zamani lililobaki na kurasa nyingi. Mkono huu umezoea mwiko wa fundi, si kalamu. Ukikuta mistari inapanda na kushuka, vumilia.

Mambo ya blanketi na sabuni, na kutompa mtu usiyemjua akushikie simu, hayo shangazi yako amekwisha kuyasema leo mara kumi. Mimi sina la kuongeza. Una miaka ishirini na miwili, na nyumba hii umeiendesha tangu una kumi na sita. Mimi ndiye niliyekuwa nakuuliza chumvi iko wapi. Nina jambo moja tu la kukuambia, na mwezi huu nimejaribu mara tatu kulisema kwa mdomo. Mara ya kwanza ulikuwa unachambua maharage, nikaishia kuuliza kama yana wadudu. Mara ya pili tulikuwa tunatoka misani, nikaanza, ukaniangalia usoni ukasema, "Baba, unaumwa?" Nikasema ndiyo, mgongo. Mara ya tatu ni juzi, uliponionyesha barua ya chuo. Hapo nilitoka nje kabisa, eti nakwenda kumfunga mbuzi. Mbuzi alikuwa amefungwa.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba yetu. Mama yako alikuja nacho kutoka Bunia, kule Congo, na mimi Mkonzo wa milima hii nikakichukua pamoja naye, Lhukonzo nikakiacha cha kuongea na majirani. Jambo lenyewe linamhusu yeye. Basi liandikwe kwa lugha yake.

Ni stoo ya kahawa, Masika. Ni ule ukuta.

Jambo hilo hatulitaji humu ndani. Miaka sita tunapita pale kila siku na madumu ya maji, na hakuna anayegeuza kichwa. Nakuomba usiiweke karatasi chini. Soma mpaka mwisho, halafu ufanye utakavyo.

Unakumbuka tulivyokata kiwanja, lakini ulikuwa mtoto, ngoja niliseme sawasawa. Huku kwetu juu ya Bwera hakuna mtu anayekuta kiwanja, kiwanja mtu anakichonga. Unaingia kwenye mteremko na sululu, unakata upande wa juu, na udongo unaoukata unaumwaga upande wa chini, mpaka mlima unakupa mahali pa kusimama. Nusu ya kiwanja ni ardhi uliyoikuta. Nusu ni udongo ulioumwaga mwenyewe. Kwa macho ni kitu kimoja, utafagia, utaanika kahawa, utacheza ngoma ukitaka. Na sisi wanaume wa kilimani tuna ugonjwa wetu, tunapimana kwa upana wa kiwanja. Mtu akipita barabara ya chini, ainue kichwa, aone jengo la fulani limekaa ukingoni kabisa, mabati yanawaka juani, aseme, lo, fulani ni mwanamume. Ukilijenga nyuma, kwenye ardhi ngumu, hakuna anayeliona kutoka barabarani.

Kila fundi anajua kwamba udongo wa kumwaga haujengewi. Na hapa Bwera, wengi waliojua hilo walilijua kwa sababu mimi niliwafokea. Nilikuwa mtu wa kelele kwenye kazi, unanijua. Kuna mzee wa Nyakalengija nilimjengea banda la kulala wapagazi wanaobeba mizigo ya watalii, mteremko mkali kuliko wetu. Upande wa bonde nilichimba mpaka kichwa changu kikazama ndani ya mtaro. Mzee akachungulia akasema, "Fundi, unatafuta maji ao unajenga?" Nikamjibu kutoka chini, "Natafuta ardhi, mzee." Udongo wote wa kumwaga tukautupa shambani. Tukaanza na mawe kule kule chini kwenye ardhi iliyolala, tukapanda ngazi kwa ngazi kufuata mlima, kila ngazi imekaa juu ya ardhi ambayo haijawahi kuguswa na jembe, mpaka tukalingana na upande wa juu. Ilituchukua wiki tatu kabla ya kuweka tofali hata moja. Mwaka jana nilipita pale. Banda halina ufa wa kupitisha ukucha.

Hivyo ndivyo nilivyowajengea watu wengine.

Kwangu nilikuwa na haraka. Kahawa ilikuwa imeanza kuiva, mabati yalikuwa yamekwisha kufika, jirani wa ng'ambo ya bonde alikuwa ameezeka stoo yake na kila jioni alikuwa anakaa mbele yake akiitazama yetu. Mawe nayo yalikuwa mateso. Wewe na mama yako mlibeba kichwani kutoka mto Lubiriha siku nne, mkapanda kile kilima mpaka shingo zikawauma, na bado yalitosha upande wa juu na nusu ya pembeni tu. Ningeweza kuifanya stoo ndogo, niirudishe nyuma, ikae yote kwenye ardhi ngumu. Mama yako alisema hivyo. Alisema, "Baba Masika, fanya kadogo. Kahawa yetu haiko mingi vile." Mimi nikaona anadharau kahawa yangu.

Thembo ndiye aliyekuwa nami, unamkumbuka, yule fundi mwenzangu wa tangu ujana, mwenye kikohozi. Alisimama kwenye mtaro wa upande wa bonde akachukua kipande cha nondo, akakichoma chini kwa mkono tu. Hakupiga nyundo. Nondo ikazama mpaka vidole vyake vikagusa udongo.

"Hapa iko laini," akasema. "Tushuke."

"Shuka wewe. Mimi nina kahawa mtini."

Akacheka. Alidhani natania, kwa sababu maneno ya kushuka mpaka ardhi ngumu yalikuwa yangu, yeye aliyapata kwangu. Alipoona nachanganya simenti akachukua koleo, akafanya nilivyotaka. Tulishindilia ule udongo kwa gogo nusu siku, juujuu, nikaongeza simenti upande ule kuliko upande mwingine. Nilijiambia simenti nyingi itashika. Itashika nini, Masika, wakati chini yake hakuna kitu?

Halafu tukapima. Hapa ndipo ulipoingia wewe, na ndiyo sababu kila nikifika hapa kalamu inagoma. Thembo alikuwa ametumwa nondo zaidi, kwa hiyo nilikuita wewe ushike mpira wa maji, ule wa kupimia usawa wa msingi. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Wewe kona ya bonde, mimi kona ya mlima, umeziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba na ulimi umetoka nje kwa bidii. Nikapiga kelele, "Achia!" Maji yakapanda, yakashuka, yakatulia. Ukapiga kelele kunishinda mimi, "Baba, iko kwenye alama! Iko kwenye alama kabisa!" Mama yako akatoka jikoni na unga mikononi akidhani umeumwa na nyoka.

Ule msingi ulikuwa sawa. Nimejenga zaidi ya miaka thelathini, na sijawahi kupiga msingi uliolala sawa kama ule. Tuliuzunguka kona zote nne na maji hayakutofautiana hata unene wa kucha. Nikakusifu mbele ya watu, nikasema huyu si msichana, huyu ni pima maji yangu. Siku ile ulitembea umenyoosha shingo mpaka mama yako akakutania. Na mimi nilikuwa najua. Nilikuwa nakusifu huku najua kwamba mpira wa maji unakuambia mambo ya juu peke yake, na ya chini sikuwa nimeyauliza kwa sababu Thembo na nondo yake walikwisha kunijibu.

Stoo ikasimama. Watu wa barabarani wakainua vichwa, kama nilivyotaka. Mvua za kwanza zikapita. Za pili zilipokuja, ukatokea ufa kwenye ukuta wa pembeni. Ulishuka wima kutoka kwenye mabati mpaka kwenye msingi, pale pale ardhi ngumu inapoishia na udongo wangu unapoanza. Ungeweza kuuchora kabla haujatokea. Mama yako ndiye aliyeuona kwanza.

"Baba Masika, hii ukuta iko nainama."

"Ni plasta inakauka."

"Plasta gani inakaukaka hivi, mupaka kidole inaingia?"

Nikamwambia mambo ya ujenzi aniachie mimi, yeye ashughulike na sombe yake jikoni. Ndivyo nilivyomjibu, sitapamba. Jumapili iliyofuata mlipokwenda misani nyinyi wawili nilibaki, nikasema mgongo, na mgongo wangu umenitumikia katika uongo mwingi. Nikachanganya mchanga na simenti, nikauziba ufa, nikapaka chokaa ukuta mzima usionekane kiraka. Mliporudi ukasema stoo imependeza. Mama yako alikwenda moja kwa moja, akagusa, akaangalia vidole vyake vyeupe, akaja akavipangusa kwenye shati langu, hapa kifuani.

"Weye iko nafichia nani?" akauliza.

Nikasema nawaficha majirani. Akaingia ndani kuwasha moto.

Kuanzia hapo kila mawingu yakijikusanya juu ya mlima nilikuwa natafuta kazi ya mbali. Haki ya Mungu, nilikuwa naogopa kuwa karibu na kile kitu. Ningeweza kuitoa kahawa, nikaubomoa upande ule, nikaanza upya. Fundi wa Bwera kubomoa jengo lake mwenyewe ambalo halina hata miaka mitatu? Ningeweka wapi uso wangu? Hayo ndiyo niliyokuwa nawaza, uso wangu.

Siku yenyewe unaijua, ila unaijua kwa upande wako. Asubuhi nilikuwa nakwenda Kasese kumalizia choo cha mtu. Nikasimama mlangoni nikakuambia, "Masika, zibua mfereji kabla ya mvua." Ule mfereji wa nyuma, unaokatiza juu ya stoo kupeleka maji ya mlima kando. Ukaitika. Halafu mtihani ulikuwa wiki mbili mbele, rafiki yako akakuita mkajisomee kwao, ukaenda. Ungekuwa mtoto gani usingeenda? Mvua ikaja mchana. Mama yako akaona maji yanachuruzika ndani ya stoo, akaingia kuyapandisha magunia juu ya mbao. Ukuta wa upande wa bonde ukaondoka, ukaenda nje wote mzima, ukaporomoka kuelekea chini. Boriti zilikuwa zimeegemea hapo. Zikamwangukia mgongoni.

Nilipofika hospitali ulikuwa umeketi barazani, sakafuni, umelowa, matope mpaka magotini, sare ya shule imekushika mwilini. Walikuwa wamemwingiza ndani. Ulisimama uliponiona.

"Baba, ni mimi. Sikuzibua mfereji. Ni mimi."

Masika, nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo njia nzima kutoka Kasese, kwenye boda. Mdomo wangu ukafunguka, na nilidhani utasema kweli. Ukasema, "Nimekusamehe, mwanangu."

Ukanishika miguu ukalia. Watu waliokuwa barazani wakatikisa vichwa, mama mmoja akasema, "Ona mzazi mwenye moyo." Na mimi nikasimama pale nikipokea sifa. Nilikusamehe kosa langu. Nimeirudia sentensi hiyo kichwani miaka sita na haijawahi kupungua uzito, kwa sababu ningeweza kukaa kimya, hata kukaa kimya kungekuwa nafuu. Mimi nilikwenda mbali zaidi, nikalichukua nikakuvisha wewe, na nikakufanya unishukuru.

Kesho yake nilirudi nyumbani kuchukua nguo za mama yako, nikapita kwenye stoo. Thembo alikuwa amefika kabla yangu, amesimama chini ya bonde anautazama msingi. Upande wa juu ulikuwa mahali pake, mzima. Upande wa chini ulikuwa umekatika pale pale ufa ulipokuwa, umelala kifudifudi, na chini yake udongo umefunguka. Ndani ya udongo kulikuwa na majani ya migomba na mabua ya mahindi, yale tuliyoyakata na kuyamwaga siku ya kuchonga kiwanja. Hayakuwa yameoza yote. Nikachukua koleo nikaanza kuyafukia, upesi upesi, kwa sababu mwenyekiti wa kijiji alikuwa amesema atakuja kuangalia. Thembo hakunisaidia na hakunizuia. Akakohoa, akapanda njia, akaenda. Tangu siku hiyo hajafanya kazi nami tena, na ukiniuliza mbona, nilikuwa nakuambia amezeeka.

Mwenyekiti alipokuja alikuta mfereji umejaa majani, akasema ni mfereji, majirani nao wakasema ni mfereji. Mimi nikatikisa kichwa kama mtu mwenye huzuni, na huzuni nilikuwa nayo kweli, lakini haikunizuia kuwaacha waseme.

Sasa nisikilize kwa makini, hapa nazungumza na wewe kama fundi na fundi. Mfereji ule uko nyuma, upande wa mlima. Ukiziba, maji yanashuka yanapiga ukuta wa juu. Ukuta wa juu, Masika. Na ukuta wa juu upo mpaka leo, kuku wa jirani wanataga chini yake. Maji yaliyouondoa ukuta wa bonde ni ya kwenye mabati, yaliyokuwa yanadondoka kila mvua kwenye ule udongo, miaka miwili na zaidi, yakiulainisha. Maji mama yako aliyoyaona ndani yalikuwa yanapita kwenye ufa nilioupaka chokaa. Hata ungeuchimba ule mfereji mpaka ukafika Congo, ukuta ungeanguka. Kama si siku ile, mvua nyingine. Nenda ukaangalie mwenyewe. Miaka yote hii hukuwahi kwenda kuangalia, na sikuwahi kukuambia uende.

Yaliyofuata umeyabeba wewe. Matokeo yalipotoka ulikuwa umefaulu, na kidato cha tano ukakikataa. Ulisema, "Nitamwangalia Mama." Nilikuambia uende, ni kweli nilikuambia, lakini nilijua kinachokushikilia na sikukikata. Ulimgeuza kitandani asubuhi na jioni asipate vidonda. Ulimwosha, ulimsuka, ulimsomea misale. Rafiki zako wakaolewa, wengine wakaenda Kampala, wewe ukanunua mashuka meusi kwa sababu hayaonyeshi. Kila nilipokupita umeinama kwenye beseni lile nilikuwa naona mtu anayelipa. Na alikuwa analipa kwa ajili yangu.

Mama yako hakukudanganya hata siku moja. Unakumbuka alivyokuwa anakuambia, akikushika mkono, "Si weye, Masika. Si weye." Ulikuwa unatabasamu, unamvuta shuka. Ulidhani ni mapenzi ya mama tu, anakubembeleza. Alikuwa anakuambia habari, mwanangu. Alikuwa anakuambia kadiri alivyoweza bila kunivua nguo mbele yako. Mimi nikitoka nje yeye ananisubiri, nikirudi ananiangalia. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Wiki ile ya mwisho, ulipokwenda kuchota maji, aliniita nikae kitandani.

"Utamwambia mutoto?"

"Nitamwambia."

"Apa ile kweli."

Nikaapa. Tukamzika, na mimi nikasema nitakuambia arobaini ikipita. Arobaini ikapita. Nikasema baada ya mavuno. Mavuno yamepita mara mbili.

Halafu juzi unakuja na barua ya chuo, unacheka, kicheko sijakisikia miaka. Unakwenda Fort Portal kusomea ujenzi. Nikafurahi, nikadhani umependa kazi ya baba yako. Nikakuuliza mbona ujenzi, mbona si uuguzi, ambao umekwisha kuujua kuliko wauguzi. Ukaacha kucheka. Ukasema, "Nataka kujua yale maji yalifanyaje, Baba. Nataka nijue mfereji mmoja unaangushaje ukuta."

Ndipo nilipotoka kwenda kwa mbuzi.

Utafundishwa, Masika. Labda muhula wa kwanza. Mwalimu atachora mlima ubaoni, atachora ardhi iliyokatwa na udongo uliomwagwa, atapiga mstari pale vinapokutana, atasema, hapa ndipo ufa unapotokea. Utaujua ule mstari. Utakaa katikati ya watu usiowafahamu na utaona chokaa kwenye vidole vya mama yako, na utajua kwamba baba yako, aliyekufundisha kushika mpira wa maji, alikuwa anajua tangu siku ya kwanza. Sikutaka ulipate hivyo, darasani, huna hata mtu wa kumshika mkono. Sitajisifu, hofu hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika. Kama ungekwenda kusomea ushonaji, Mungu ananijua, sijui kama leo ningekuwa na kalamu.

Sikuombi unisamehe. Neno hilo nililitumia barazani pale, na sioni nitalitamkaje tena mbele yako. Kama utanichukia, nichukie. Kama hutarudi likizo, nitawaambia watu sababu, nitaisema mimi mwenyewe, kwa mwenyekiti kwanza na kwa majirani waliosema ni mfereji. Jumapili nitawaambia kwa hali yoyote, urudi usirudi. Thembo nimekwisha kumtumia ujumbe aje awepo. Hajajibu.

Kitu kimoja tu ndicho ninachokuomba, nacho ni chako, si changu. Miaka sita umeishi kama mtu aliyemvunja mama yake mgongo. Nakuomba uache. Ulikuwa mtoto wa shule uliyekwenda kujisomea. Ulimpenda mama yako kuliko nilivyoweza mimi, na alikufa akijua hivyo, mikononi mwako, amesukwa vizuri.

Ngoja nimalizie, jua limekwenda. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya sanduku lako, chini ya viatu, uikute Fort Portal wakati mimi niko huku na milima imetukaa katikati. Nimelifungua sanduku hata, nimeinua viatu. Halafu nikaona nakimbia tena, natafuta kazi ya mbali tena mvua isinikute. Nimelifunga.

Nitakupa mkononi jioni hii, kabla hujavua viatu, na sitatoka nje. Nitakaa kwenye kile kiti cha mama yako, mbele yako, mpaka usome neno la mwisho. Ukitaka kupiga kelele nipo. Ukitaka kuniuliza, uliza, nitajibu, hata ukirudia swali moja mara mia. Na kama asubuhi hutaki niguse sanduku lako, nitalifungua lango, nisimame kando, upite.

Nasikia sauti yako kule njiani, unasalimiana na watu, unacheka nao. Masika, bado unacheka. Nisamehe tu kwa hilo moja, kwamba nitakukatiza.

Nakuja kukupokea.

Baba yako